Uji Wangu Ulishtakiwa kwa Wizi wa Rutheni

Nyinyi wamama mnaomenya viazi, muga, nawasalimu! Na nyinyi wanaume mliojificha nyuma ya jikoni mkijifanya mnapasua kuni, na kuni yenyewe ni moja tangu asubuhi, muga! Sogeeni hapa. Nyama ya harusi haijaanza hata kutokota, na kabla itokote nataka kutoa kitu kimenikaa kooni tangu mvua iliyopita. Nikikaa nacho nitapasuka, na mtaanza kuokota vipande vyangu kwa viazi.

Mimi niliitwa mwizi. Mimi! Mtu ambaye akiokota shilingi barabarani anauliza ng'ombe kama ni yao.

Mnajua sikusoma. Shule nilifika mlangoni, nikaona mwalimu ameshika fimbo ndefu kuliko mimi, nikarudi nyumbani kuchunga mbuzi. Lakini kuosha vyombo najua. Ndiyo maana wale watu wa kikundi cha mchaichai walinichukua kwa ile maabara yao ndogo, hapa ukitoka Ruiri. Mmeiona. Vyumba vitatu na geti kubwa kuliko vyumba vyote. Kazi yangu ni kuosha vyupa vya kioo. Nimeosha vyupa mpaka siku hizi nikijitazama kwenye kioo naona shingo ya chupa.

Bosi wangu ni daktari. Si wa sindano, ni wa kemia. Msichana mwembamba, akisimama ubavu humwoni, lakini kichwa chake kimejaa kama gunia la mahindi la mtu mchoyo. Mafuta ya mchaichai yanatoka kwa wakulima wa Embu yakiwa kwa mitungi. Ukifungua mtungi mmoja, kijiji kizima kinatafuta vikombe, kinafikiri chai iko tayari. Sasa huyu msichana anachukua hiyo harufu ya chai anaigeuza kuwa harufu ya waridi. Waridi kabisa! Siku ya kwanza alipofaulu, harufu ilishuka mpaka Laare, wachuma miraa wakateremka kwenye miti wakaenda kuoga. Halafu hayo mafuta ya waridi yanarudi Embu, kuna mtu huko anayatia kwa sabuni ya kuogea.

Nilimuuliza unafanyaje. Hakunicheka. Alivuta stuli akaniketisha.

"Shosho," akaniambia, vile huita nyanya yake, "kuna chuma inaitwa rutheni."

"Hiyo jina ni kama ya mtoto wa Yakobo mwenye walimsahau kumwandika."

"Hata bei yake ni ya Agano la Kale. Sasa sikia. Hiyo rutheni tumeiyeyusha kwa maji. Ndiyo unaona maji ni mekundu. Na mafuta na maji hazipatani, sindio? Tunazifungia pamoja kwa sufuria ya chuma, tunatia gesi, tunatia moto, tunakoroga kwa nguvu. Pale zinapogongana, rutheni inashika mafuta, inayabadilisha, inayaachilia. Yenyewe inabaki vile ilikuwa. Tukiacha kukoroga, mafuta yanapanda juu na harufu yao mpya, maji yanakaa chini na rutheni yao. Tunafungua koki ya chini, tunatoa hayo maji, tunayaweka kwa chupa yao. Kesho yanaenda kazi tena."

"Kama jembe," nikamwambia. "Linalima mahindi, lakini lenyewe halimei."

Alicheka mpaka miwani ikashuka. "Kama jembe, shosho. Lakini hili jembe likipotea tumekwisha, sisi na kikundi. Hakuna pesa ya kununua ingine. Hata hewa haipendi, ndiyo tunaifunikia na gesi. Na ukiosha hivi vyombo vyake, suuza na maji safi peke yake. Mara tatu. Usitie kitu kingine."

Mimi nikaona, ala, hii kitu naijua! Wamama, si hiki ni kibuyu cha uji? Kile mama mkwe wangu alinipa siku nilipoolewa, cha ucuru, uji wa wimbi ule mchachu. Ukimimina uji, unaacha kidogo chini. Hiyo kidogo ndiyo inachachua uji wa kesho, na wa kesho kutwa, na wa mwaka ujao. Mama mkwe aliniambia nikikiosha kwa sabuni nirudi kwetu na kibuyu nimekivaa kichwani. Na dada ya bwanangu alikiosha kwa sabuni siku moja, akitaka aonekane msafi. Uji ulikataa kuchacha wiki tatu! Tukawa tunakunywa maji ya wimbi kama wagonjwa.

Kwa hivyo hakuna mtu alihitaji kunifundisha mara ya pili. Nilisuuza mara tatu, maji matupu. Na kwa vile kuandika sijui, kila mara maji mekundu yakienda kazi na kurudi nilikuwa nachora mstari na kaa la moto ukutani, nyuma ya sinki. Mistari ilikuwa imefika kumi na moja. Maji ni yaleyale, rutheni ni ileile. Hata maksai hafanyi hivyo bila kulalamika.

Ndipo kikundi wakaleta bwana stoo.

Huyu alikuwa mtu wa Embu, na sina neno na watu wa Embu, dada yangu ameolewa huko na amenenepa. Lakini huyu! Suruali yake ilikuwa na mkunjo unaweza kukatia nyanya. Alikuwa anapanguza kiti kabla ya kukaa na baada ya kuinuka. Kazi yake ilikuwa kuangalia stoo na usafi, na ile wiki daktari alienda Embu kukagua mafuta, alijiona yeye ndiye rais wa mchaichai.

Siku ya kwanza aliinua chupa yangu akaiangalia kwa jua kama anatafuta chawa.

"Mama, hii umeosha na nini?"

"Maji. Mara tatu."

"Na sabuni?"

"Hakuna sabuni. Daktari alikataza."

"Alikuandikia?"

"Aliniambia kwa mdomo."

"Mdomo si barua, mama." Akaingia ofisini, akatoka na karatasi, akaibandika mlangoni kwa gundi kama tangazo la mazishi. Akanisomea mwenyewe, kwa sauti ya mtu wa redio: vyombo vyote vitaoshwa kwa sabuni ya unga kila siku mpaka ving'ae, na asiyefuata ataenda nyumbani. Chini kuna sahihi na mhuri. Mhuri wa stoo, ule wa kupiga kwa magunia!

Nikamweleza taratibu, kama mtu anaeleza mtoto wa wenyewe. Nikamwambia habari ya kibuyu, ya mama mkwe, ya wiki tatu bila uji.

Akacheka akishika mkunjo wa suruali usiharibike. "Mama, hapa ni sayansi. Hapa si mambo ya uji."

Nikaosha na sabuni. Ningefanya nini? Kazi ni yangu, mhuri ni wake. Na maji ya bomba siku hizo yalikuwa yanakuja kwa zamu, kwa hivyo akaamuru nisuuze mara moja tu, nisimalize tangi. Mara moja! Hata sufuria ya kuchemshia yai haisuuzwi mara moja. Vyupa viling'aa, hilo siwezi kataa. Ungevaa miwani ya jua ndiyo uvipite.

Daktari alirudi Alhamisi. Akatia maji mekundu na mafuta kwa ile sufuria ya chuma, akafunga, akakoroga vile hukoroga siku zote. Jioni mapema akamimina kwa ile chupa kubwa yenye koki chini, akangoja zitengane.

Hazikutengana.

Mimi nilikuwa nimesimama na kitambaa. Kwa kawaida, ukihesabu mpaka mia, juu ni mafuta meupe safi, chini ni maji mekundu, na katikati kuna mstari umenyooka kama umepimwa na fundi. Siku hiyo katikati kulikuwa na kitu kama maziwa yameharibika, nene, na povu. Mafuta ya juu yamekuwa ya rangi ya waridi, na hiyo waridi si ya harufu, ni rangi mbaya. Na maji ya chini, maskini, yamefifia kama chai ya mtu wa mkono mgumu.

Daktari alishika meza. "Rutheni yangu," akasema. "Rutheni yangu iko wapi?"

Na bwana stoo, kabla msichana wa watu avute pumzi ya pili, akanyoosha kidole. Kwangu.

"Imeibwa. Ameiba nusu akaongeza maji ya bomba. Ni nani mwingine anashika hizi vyupa?"

Wamama, nimezaa watoto sita bila kulia. Lakini hapo macho yaliniuma. Nikamwuliza, "Mimi niibe maji mekundu nipeleke wapi? Nipakie ng'ombe?"

"Mkague mkoba," akamwambia mzee wa geti.

Mzee wa geti ni baba wa watu, tunashinda naye tukitaniana tangu geti iwekwe. Alinijia akiangalia viatu vyake. "Mama watoto, nisamehe. Ni kazi."

"Kagua, mzee. Ukipata bwana mwingine humo ndani nijulishe."

Akafungua mkoba. Akatoa leso. Akatoa kitabu cha nyimbo, ambacho naimba bila kusoma. Halafu akatoa chupa ya plastiki imejaa kitu rangi ya udongo mwekundu.

Ilikuwa uji wangu! Uji wa wimbi, wa kibuyu, wa kunywa saa nane!

"Ndiyo hii!" bwana stoo akapiga kelele. Akavaa glovu mbili mkono mmoja. Akafunga kifuniko akakaza mpaka kikalia, akazungushia utepe, akaiweka juu ya meza ya ofisi dirishani kama kombe la mpira. Akampigia mwenyekiti wa kikundi simu. Mwenyekiti naye akasema, na simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu nisikie: kesho saa sita mchana rutheni isipopatikana, huyo mama apewe barua ya kufukuzwa na aitiwe polisi.

Hakuna aliyeniuliza. Hakuna aliyeonja. Walihukumu uji bila kuonja!

Nilifika nyumbani nikamwambia bwanangu. Alitafuna muwa, akasema, "Sasa wewe, hata kama ni kuiba, si ungeiba kitu tunaweza kula?" Nilimnyima chakula. Hivi mnavyomwona hapo na shoka, uliza kama ninadanganya.

Asubuhi nilirudi. Sikutoroka. Nilivaa nguo ya kanisa, kwa sababu kama ni kufukuzwa nifukuzwe nikiwa nimependeza. Daktari alikuwa amekaa mbele ya ile chupa kubwa, macho mekundu kuliko rutheni. Maziwa bado yako katikati. Bwana stoo anatembea huku na huku na saa yake mkononi. Saa nne. Saa tano. Jua limeingia dirishani, limekalia chupa ya uji wangu.

Na mnajua uji wa kibuyu ukifungiwa juani.

Ulianza kwa kunguruma. Mimi nilisikia, nikanyamaza. Chupa ikavimba tumbo kama mtu ametoka harusini. Bwana stoo akainama kuangalia utepe kama umeguswa.

Bu!

Kifuniko kiliruka, wengine wanasema kilipatikana mjini Maua. Uji ukapiga dari, ukashuka, ukamvaa bwana stoo kutoka nywele mpaka kwa ule mkunjo.

"Rutheni imelipuka!" alipiga nduru. "Naungua! Nimwagieni maji!" Akapita mlangoni akapita geti, mzee wa geti akamfuata na ndoo, na ndoo haikuwa na maji.

Daktari alikuwa na tone moja shavuni. Akaligusa kwa kidole, akanusa. Halafu, Mungu ambariki, akalamba.

"Shosho," akasema. "Huu ni ucuru."

"Ni ucuru. Na ulikuwa mzuri, mpaka walipoushtaki."

Alicheka, halafu akaacha kucheka, kwa sababu uji ulikuwa umeachiliwa lakini rutheni bado imepotea. Saa sita ilikuwa inakuja, na mimi ndiye nilikuwa nimebaki kizimbani peke yangu.

Nikaenda mbele ya ile chupa kubwa nikaiangalia. Niliiangalia vile mimi huangalia karai. Nikasema, "Daktari, mimi sijui kemia. Lakini nikiosha sufuria ya pilau na maji matupu, mafuta yanaelea, yananiangalia kwa madharau. Nikitia sabuni, mafuta yanashikana na maji, yanakuwa maziwa hivi hivi, na yanaenda pamoja. Hawa wawili ni maadui. Ukiwaona wamekumbatiana, jua kuna mtu amesimama katikati."

Msichana aliinamia ile chupa mpaka pua ikagusa kioo.

"Shosho. Nani ametia sabuni kwa vyombo vyangu?"

Niligeuka tu nikaangalia mlango. Akaangalia mlango. Akasoma ile karatasi, mstari kwa mstari, mpaka kwa mhuri wa magunia. Alipomaliza alikuwa amefura kama andazi.

"Na ukasuuza mara ngapi?"

"Mara moja. Aliamuru."

"Basi haijaibwa," akasema. "Iko hapa. Sabuni imeshikanisha mafuta na maji, rutheni ikakwama kwa hayo maziwa na ingine ikabebwa juu. Haijaibwa, shosho, imepotezwa njia!"

Akachemsha maji safi, akatia chumvi nyingi, akayapoza, akayapitishia ile gesi ya kufukuza hewa. Akamimina kwa chupa kubwa pole pole, akaigeuza juu chini mara chache, bila fujo, kama mtu anabembeleza mtoto mwenye homa. Akaniambia chumvi inavunja huo urafiki, na inasukuma rutheni irudi kwa maji, kwao. Tukakaa. Bwana stoo alirudi akinuka wimbi, akasimama mlangoni. Mzee wa geti naye akaingia na ndoo yake tupu.

Kwanza hakuna kitu. Saa sita kasoro robo. Halafu yale maziwa yakaanza kupasuka, tobo moja hapa, tobo moja pale. Mstari ukatokea, umepinda, ukajinyoosha. Mafuta ya juu yakaanza kutakata. Na chini, wamama, chini wekundu ukaanza kurudi, kidogo kidogo, vile damu hurudi usoni mwa mtu aliyezimia. Nilishika mkono wa daktari, nafikiri nilimvunja vidole viwili.

Akafungua koki. Maji yakatoka mekundu, ya kweli, kama ya siku zote. Akaweka tone kwa ile mashini yake ya kupima, ikalia tii, akasoma. "Karibu yote iko," akasema. "Karibu yote!"

Simu ya mwenyekiti ililia saa sita kamili. Daktari ndiye alijibu, na maneno aliyomwambia siwezi kurudia hapa karibu na chakula. Saa nane yale maji yakaingia kazini na mafuta mapya, kwa vyombo nilivyosuuza mimi, maji matupu, mara tatu, mara nne, nikasuuza hata vya jirani. Yalichelewa kidogo, kama mtu ametoka hospitali, lakini yalitoa waridi. Na mstari katikati ulikuwa umenyooka. Nikaenda nyuma ya sinki nikachora mstari wangu wa kumi na mbili. Niliuchora mrefu kuliko mingine yote, mpaka kwa dirisha.

Lakini sasa hapa ndipo hasira yangu imelala mpaka leo. Mnafikiri bwana stoo aliomba msamaha? Alibandua ile karatasi polepole, asiharibu kona, akaikunja akaitia mfukoni. Akasema, "Basi." Basi! Umeniita mwizi mbele ya watu, umefunga uji wangu jela, halafu unaniambia basi kama unashuka gari?

Nikasimama mbele yake na kitambaa begani. "Bwana stoo, sitoki hapa. Utaniomba msamaha, na utauomba uji pia, ule umebaki kwa dari."

Akaangalia dari. Akaangalia suruali. "Lakini mama," akasema, "tuseme ukweli. Si mimi nimechukua rutheni. Wewe pia hukuchukua. Ni sabuni imechukua. Mwizi ni sabuni."

"Na nani alimfungulia mlango?" daktari akauliza.

Bwana stoo akapanguza wimbi kwa mkunjo. Na hapo mzee wa geti, ambaye muda wote alikuwa anaangalia ile mitungi ya mafuta ya waridi imepangwa ukutani ikingoja gari ya Embu iipeleke kwa yule mtu wa sabuni, akaweka ndoo chini, bu, akashika kichwa na mikono miwili:

"Ngojeni! Kwa hivyo mwaka mzima tumekuwa tukimtengenezea mwizi marashi?"